Wembe wa babu unanyoa vinyweleo vya mkono, shingoni unavuta

*“Assalamu alaykum. Niko Wete. Nina wembe wa kukunja alioniachia babu yangu, alikuwa baharia. Kwenye shina, kile kipande kati ya bapa na mpini, umeandikwa Solingen. Ulikaa kashani miaka mingi, una vidoa vya kutu ubavuni lakini makali hayajaliwa. Nimeunoa siku tatu kwenye kinoo cha kijivu cha pande mbili, kimeandikwa 120 na 240. Sasa unanyoa vinyweleo vya mkono na unakata karatasi. Lakini nikichonga kingo za ndevu na kunyoa shingo unavuta mpaka machozi yananitoka, na ngozi inawaka kutwa. Karibu na mpini kuna nafuu. Karibu na kichwa cha wembe haukati kabisa. Jirani kaniambia niinue mgongo kidogo ninaponoa, kama tunavyonoa visu. Fundi mwenye mashine ya gurudumu anasema nimpe dakika mbili tu. Niufanyeje? Au niuweke uwe ukumbusho?”*

Waalaykum salaam, mwanangu. Naanza na hilo la fundi kwa sababu halisubiri: usimpe, hata akikuapia. Mengine yote uliyoyaeleza yana dawa. Wembe uliokwishapita kwenye gurudumu kavu hauna.

Chuma cha nyembe hizi kina kaboni nyingi. Kiwandani kilichomwa mpaka kikawa chekundu, kikazimwa ghafla kiwe kigumu, halafu kikapashwa moto tena taratibu, nyuzi 150 hadi 200 hivi za Selsiasi, kisije kikavunjika kama kigae. Ukikipasha kupita hapo ugumu unatoka, na haurudi mpaka kichomwe na kuzimwa upya. Sasa fikiria makali yenyewe: ni membamba mno, joto likiingia halina pa kukimbilia. Gurudumu linaweza kuyafikisha nyuzi 300 na kidole chako kilichoshika mgongo kisihisi hata vuguvugu. Utaona rangi zinakuja kwa zamu, manjano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, kisha bluu. Nimewahi kuletewa nyembe mbili za namna hiyo. Mwenye mmoja aliupenda ule ubluu, akidhani fundi kamtilia nakshi. Nilimnolea ukawa mkali, akanyoa mara moja. Mara ya pili makali yalikuwa yamelala kama bati.

Fundi huyo si mwongo, mashine yake anaijua. Shoka na panga vina chuma cha kutosha kubeba joto. Wembe hauna.

Jirani naye kasema kweli ya kisu akaihamishia kwenye wembe. Ukinoa kisu, pembe inatoka mkononi mwako, ndiyo maana watu wawili wakinoa kisu kimoja hupata makali mawili tofauti. Wembe wa kukunja umebeba pembe yake mwenyewe. Utazame kwa upande wa kichwa: mgongo mnene, makali membamba, mbavu zimekombwa katikati. Ukiulaza juu ya kinoo vinagusa vitu viwili tu, mgongo na makali. Unene wa mgongo ndio unaoamua pembe. Wembe wenye mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 18 kutoka mgongoni hadi makalini unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi, pande zote mbili zikijumlishwa. Chukua rula uupime wa babu, utaukuta hapo karibu. Kisu cha jikoni huwa na nyuzi 30 na zaidi. Na kila unaponoa mgongo nao unalika kidogo pamoja na makali, pembe inabaki ileile miaka na miaka. Waliobuni hivyo walikuwa na akili sana.

Ukiinua mgongo unaivunja hesabu hiyo. Utapata makali haraka, sikatai, lakini ya kisu: nene, yanayousukuma unywele kabla ya kuukata. Kwa hiyo mgongo ulale kinooni, kwenda na kurudi, mwanzo mpaka mwisho. Kama mgongo wa babu una nakshi unayoihurumia, bandika tabaka moja la tepu nyeusi ya umeme, uibadilishe ikichakaa. Ila ukianza na tepu, maliza na tepu. Ukiibandua katikati pembe inabadilika na kazi inaanza upya.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwa nini unanyoa mkono na hauwezi shingo?

Kinyweleo cha mkono ni chembamba na laini, na hata ukingo wenye meno unakikata. Unywele wa ndevu ni mnene zaidi, una upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, yaani maikroni 100, na ukiwa mkavu ni mgumu kama uzi wa waya. Kinoo chako cha namba 240 kina punje zenye upana wa maikroni 50 au kidogo zaidi. Punje haizami yote ndani ya chuma, lakini inachora mtaro, na mtaro ukifika ukingoni unaacha pengo. Mapengo yakifuatana unapata msumeno. Msumeno huo ukipita mkononi unakwangua vinyweleo vinaanguka, nawe unafurahi. Ukipita shingoni, kila jino linaushika unywele, linauvuta kwanza, halafu ndio linakata. Na hapohapo linakwangua ngozi. Ule moto wa kutwa ndio huo. Wembe uliomalizwa vizuri una ukingo usiofika hata maikroni moja. Kutoka ulipo wewe hadi huko ni safari, na kinoo ulichonacho hakifiki, hata ukikisugua mpaka Idi.

Watu wengi husema “kunoa” kana kwamba ni kazi moja. Ni mbili. Ya kwanza ni kuzikutanisha pande mbili za makali mpaka ziwe mstari mmoja, bila kubaki mahali pa butu hata nywele moja. Ya pili ni kufuta mikwaruzo ya kazi ya kwanza, kwa punje ndogo, kisha ndogo zaidi. Ya pili haiwezi kusahihisha ya kwanza. Ukienda kwenye kinoo laini kabla pande hazijakutana, unang'arisha ubutu; utapata wembe unaometa kama kioo cha sonara na haukati kitu.

Na wewe, mwanangu, kazi ya kwanza hujaimaliza. Umeniambia mwenyewe: karibu na kichwa haukati kabisa. Pale kinoo hakijafika. Nina sababu mbili ninazozishuku, na ya kwanza ni kinoo chako, siyo wembe.

Vinoo vya kijivu mara nyingi havinyooki tangu dukani, na kama kilishanolea visu jikoni basi katikati kimebonyea. Kisu hakijali. Wembe unadai uwanda ulionyooka kama maji ya ndoo, kwa sababu mstari wake wote lazima uguse kwa pamoja. Chukua penseli, chora mistari ya kukatana juu ya kinoo kizima. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kilaze mezani, mwagia maji, weka msasa wa maji namba 400 juu yake, sugua kinoo humo mara kumi, kisha tazama. Penseli ikibaki katikati, katikati ni shimo. Endelea mpaka mistari yote iondoke kwa mpigo mmoja. Mimi nimeanza maisha kwenye karakana ya milango, Mji Mkongwe, na mwaka wa kwanza mzima kazi yangu ilikuwa kunyoosha vinoo vya wakubwa kabla hawajanoa patasi. Nilidhani wananionea.

Sababu ya pili ni bapa lenyewe kuwa na mpindo kidogo, na nyembe nyingi za zamani zinao. Hilo nalo lina kipimo chake, nitakueleza mwishoni, na halikatishi tamaa.

Wengine huniuliza habari ya jiwe la pwani, maana mawe tunayo tele. Tumbawe ni chokaa. Chokaa ni laini kuliko chuma kigumu, haliwezi kukichora. Na matundu yake yatakupasua makali. Kibaraza cha saruji kinanoa panga kwa sababu ya mchanga uliomo ndani, na mchanga huo haukujua habari za shavu la mtu. Yapo mawe ya asili yanayofaa wembe, mashuhuri ni lile la manjano la Ubelgiji lenye punje za ganeti, lakini ghali, na kila moja lina tabia yake. Anayeanza atafute kinoo cha maji cha kiwandani, chenye namba inayojulikana.

Namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo. Unahitaji namba 1000 kwa kazi ya kwanza, halafu 4000 au karibu yake, halafu 8000. Viko vinoo vya pande mbili vyenye 1000 upande mmoja na 6000 wa pili. Kwa wembe mmoja kinatosha kuanzia, na ukanda wa ngozi utamalizia. Kama kinoo cha 8000 hukipati, ipo njia ya mkato ambayo siionei haya: karatasi za plastiki zenye unga wa kunolea, zile ambazo mafundi wa intaneti ya faiba hulainishia ncha za nyaya zao. Inalowanishwa, inabandikwa juu ya kioo, na ya maikroni 1 inamaliza wembe vizuri sana. Inachakaa haraka, ni kweli, lakini huhitaji kuinyoosha, kwa sababu kioo kimeshanyooka.

Sasa mkono. Loweka kinoo kama kinataka kulowekwa, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Shika wembe kwenye shina kwa kidole gumba na cha shahada, mpini uuache ufuate. Laza bapa, mgongo na makali chini, usukume makali yakiwa mbele, kama unayekwangua tabaka jembamba la samli juu ya kinoo. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo wake bila kuunyanyua, urudi vilevile upande wa pili. Kama kinoo ni chembamba kuliko urefu wa bapa, anza kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, kikiwa juu ya kinoo na umalize kichwani, kwa mshazari, ili kila sehemu ipate haki yake.

Uzito? Kwenye namba 1000 unaweza kuongeza uzito wa kidole kimoja. Ukipanda juu, uzito wa wembe wenyewe unatosha, nao ni gramu 50 au 60. Vijana wote wanakosea hapa, nami nilikosea. Ukibinya, ukingo unakunjuka na kuinama upande mmoja, halafu unabaki pale umekunjika; unaonekana mkali, ukinyoa mara moja unavunjika.

Kabla ya kuanza, paka makali wino wa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, pande zote mbili. Piga mipigo kumi, tazama juani. Palipobaki wino kinoo hakijagusa. Wewe nakubashiria utauona karibu na kichwa. Hapo usiinue mgongo kuufuata. Telezesha kichwa juu ya kinoo kwa mshazari zaidi, kisigino kikining'inia nje, mpaka wino wa pale nao uondoke. Hii kazi ya kwanza inaweza kula saa nzima, na wembe ulionolewa kwenye 240 una mikwaruzo mirefu ya kufuta, usiuharakishe.

Utajuaje umefika? Kuna jambo moja ambalo ukishaliona hutalisahau. Mwanzoni, ukisukuma wembe, maji yaliyo juu ya kinoo yanasukumwa mbele kama wimbi mbele ya dau. Pande zikishakutana, makali yanapita chini ya maji, na maji yanapanda juu ya bapa, mstari mmoja, kutoka kisigino mpaka kichwa. Pale yasipopanda, pana ubutu. Sauti nayo inabadilika, inatoka kwenye kukwaruza inakuwa mnong'ono. Kipimo cha pili ni taa: simama chini ya balbu, yaelekeze makali juu, uyageuzegeuze. Makali makali hayaonekani. Ukiona kinukta kinachometa ukingoni, pale pana uwanda unaorudisha mwanga, yaani butu. Ukiwa na rafiki fundi saa, muazime kile kioo chake cha jichoni. Utaona mengi kuliko utakavyopenda.

Kwenye 4000 piga mipigo thelathini au arobaini, mpaka mikwaruzo ya 1000 isionekane tena. Kwenye 8000 ishirini, thelathini, kwa mkono mwepesi kabisa. Namba hizi si sheria, kinoo na chuma ndio wataamua.

Kisha ukanda, na hapa nataka uwe makini, kwa sababu makali mazuri mengi hufia kwenye ukanda. Ukanda hauondoi chuma kama kinoo. Unanyoosha ukingo na kuusafisha. Kwa hiyo mwendo unageuka: kwenye kinoo makali yanatangulia, kwenye ukanda mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ukisahau mara moja utaukata ukanda vipande viwili na makali utayaanza upya. Ngozi ya ng'ombe laini, upana wa sentimita sita au saba, ndiyo bora. Mshonaji viatu anaweza kukukatia. Ivute iwe kama kamba ya tanga lenye upepo. Ikilegea inapinda kwenye makali na kuyafanya mviringo. Geuza wembe juu ya mgongo, usiinue mgongo kamwe. Mipigo ishirini kwenye kitambaa kizito, turubai au jinzi safi, kisha hamsini kwenye ngozi. Kama ngozi huna leo, ukurasa wa gazeti uliolazwa juu ya kioo unafanya kazi nusu, na usicheke mpaka ujaribu. Wapo wanaopaka kitambaa ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, yenye punje za nusu maikroni hivi. Inasaidia wembe uliokwishakuwa mkali upate upole. Wembe butu hauponi kwayo.

Kipimo cha mwisho ni shingo, lakini kabla yake chukua unywele mmoja wa kichwani uliooshwa, ushike uning'inie, uushushe taratibu juu ya makali. Ukikatika wenyewe bila kuvutwa, na ukikatika hivyo kwenye kisigino, katikati na kichwani, wembe uko tayari. Usipime kwa kuburuta kidole gumba juu ya ukingo. Utajikata, na hata usipojikata umeharibu kazi ya saa mbili.

Na bado unaweza kufanya yote haya na wembe ukavuta. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na watu wanaichukulia kama fumbo tu. Kwa kinyozi ni maelekezo ya kazi. Unywele uliokaa kwenye maji ya moto dakika mbili au tatu unavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Nyoa baada ya kuoga. Maji ya visima vyetu vingi, hasa Unguja, yametoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na sabuni nyingi zinagoma kutoa povu humo. Sabuni ya mafuta ya nazi haigomi. Mabaharia walikuwa wakiogea kwa maji ya bahari nayo, na babu yako bila shaka aliijua. Au kinga maji ya mvua. Laza wembe nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, vuta ngozi kwa mkono wa pili, mpigo mfupi, kufuata unywele unakoelekea. Raundi ya kwanza usipinge unywele, hata ukitamani.

Kuhusu vidoa vya kutu ubavuni, sugua kwa msasa wa maji namba 1000 au zaidi wenye mafuta, kwa urefu wa bapa, ukiwa umelilaza juu ya ubao lisijipinde. Doa jeusi likibaki, liache, halidhuru. Kinachodhuru ni tundu la kutu lililofika ukingoni. Hapo lazima chuma kinolewe mpaka tundu lipitwe, na hiyo ni kazi ya mtu mzoefu.

Baada ya kunyoa, kausha. Tunaishi kisiwani, hewa yetu ina chumvi. Na tafadhali usipake mafuta ya nazi. Najua ndiyo yaliyopo kila nyumba. Mimi nilipaka, nyembe tatu, nikazifunga kwenye kitambaa kabla ya masika, na nilipozifungua mafuta yalikuwa yameganda kama gundi, yananuka, na chini yake kutu imechora ramani. Pakaa mafuta ya cherehani, tone moja, na usiufungie kwenye mfuko wa ngozi wala boksi lisilopumua.

Je, inafaa kweli, au uuweke uwe ukumbusho? Nitakwambia ukweli bila kuutetea ufundi wangu. Kama haja yako ni shingo safi siku ya Ijumaa, nunua kile kishikio kinachotiwa nusu ya wembe wa dukani, kama cha vinyozi wetu wote sasa hivi. Unabadilisha wembe, unatupa, umemaliza. King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, na dunia haikumfuata kwa ujinga: kunoa kunataka muda na vinoo. Lakini wembe wa Solingen ni chuma kizuri, mji ule umeishi kwa visu na nyembe, na tangu 1938 sheria ya Ujerumani imelilinda jina lake lisiandikwe na kila mtu. Ukinolewa sawasawa mara moja, unaweza kunyoa miezi kwa ukanda peke yake, kisha kuguswa kidogo kwenye kinoo laini. Mimi ningeunoa. Ila ningeunoa kwa sababu ni wa babu, wala si kwa kubana matumizi, maana vinoo vitakugharimu kuliko nyembe za dukani za miaka kadhaa.

Ukiunoa, uwe wako peke yako. Usimwazime kaka wala rafiki, na usimnyolee mtoto wa akika nao. Damu isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku saba. Kwa wembe ulioutoa kashani, uoshe kwa sabuni kisha ufute kwa spiriti, usiuchemshe, mpini wa pembe au wa plastiki ya zamani utapasuka. Na watu husema kutu inaleta pepopunda. Kutu haileti, vijidudu vinaishi kwenye udongo na uchafu, na chanjo ndiyo kinga. Kama hukumbuki mara ya mwisho ulichanjwa lini, pita kituo cha afya uulize.

Kuna watu ambao ningewaambia waache kabisa wembe wa wazi: mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye ndevu za kipilipili anayeota vipele baada ya kila kunyoa. Huyu wa mwisho husikia wembe ukiwa mkali zaidi atapona. Mara nyingi ni kinyume: unywele uliokatwa chini sana ukiota unajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Umesema ngozi yako inawaka, hukusema vipele. Kama vipo, na hasa vikitunga usaha, muone daktari wa ngozi kabla ya kununua kinoo chochote. Jeraha ambalo haliachi kutoka damu baada ya kulibana dakika kumi na tano, nenda hospitali, usitie kahawa wala majivu.

Kilichobaki ni ule mpindo. Leo kabla hujanunua kitu, kisafishe kile kioo cha dirisha, laza wembe juu yake upande mmoja, mgongo na makali chini, ubonyeze kisigino kwa ncha ya kidole kisha kichwa, kwa zamu, kidogo mno. Ukikaa kimya, wembe umenyooka, tatizo lilikuwa kinoo. Ukicheza, tok, tok, ugeuze upande wa pili usikilize tena. Tok ya upande mmoja tu ni mpindo wa kawaida, na ile mipigo ya mshazari niliyokueleza inaumudu. Kisha piga bapa kwa kucha karibu na masikio: linatakiwa lilie wazi kama kikombe kizima cha kahawa. Likitoa sauti iliyopasuka, tafuta ufa kwa kioo cha fundi saa, na ukiuona umeanzia makalini, hapo usinyoe nao tena. Wembe wenye ufa unaweza kukatikia shingoni. Huo ndio utakaourudisha kashani kwa babu.